Kuanika nguo Goma: kamba, barza na mashine ya kukausha

Chukua kilo 5 za nguo kavu za pamba: shuka mbili, tauli mbili, jinzi moja, mashati machache. Zikitoka kwenye besani, hata zikamuliwe na mikono yenye nguvu, zimebeba karibu kilo 5 nyingine za maji. Zikipita kwenye mashine inayozunguka mara 1,000 kwa dakika, maji hushuka hadi kilo 3 hivi. Kwa mizunguko 1,400, kilo 2.5. Yanayobaki hapo hayatoki tena kwa kukamua. Lazima yageuke mvuke, na kila lita hudai joto la kilowati-saa 0.65 hivi, litoke kwenye jua au litoke kwenye prizi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Mashine ndogo ya kukamua, au ule upande wa kukamulia wa mashine ya mapipa mawili, hula wati 180 hivi. Dakika 5 za kazi ni wati-saa 15, sawa na taa ya wati 10 iliyowaka kwa saa moja na nusu. Lita 2 inazotoa ndani ya dakika hizo, ukitaka kuzitoa kwa joto, zinadai kilowati-saa 1.3. Kwa hiyo anayepanga kununua aanze na kamba iliyofungwa sawasawa, kisha mashine ya kukamua. Mashine ya kukausha iwe ya mwisho, kwa nyumba yenye sababu: mtoto mchanga, mgonjwa, nyumba ya wageni, au chumba cha ghorofani kisicho na barza, yaani veranda. Wengi huanza na hiyo ya mwisho, halafu wanalalamika kwamba kredi ya umeme inayeyuka.

Kusuuza na kukamua

Sabuni iliyobaki kwenye nguo hufanya mabaya matatu: nguo inakuwa ngumu kama karatasi, inavuta vumbi, na inanuka mapema. Mjini ambako maji hununuliwa kwa bidoni la lita 20, kishawishi ni kusuuza mara moja tu. Suuza mara mbili kwa maji machache badala ya mara moja kwa maji mengi, na ukamue katikati, kwa sababu maji machafu yaliyobaki ndani ya nguo ndiyo yanayochafua yale safi. Ukishika maji ya mwisho kati ya vidole na bado yanateleza, nguo haijaiva.

Shuka na jinzi zikamuliwe na watu wawili, kila mmoja upande wake, zikiwa zimekunjwa kwa urefu. Sweta usilisokote hata kidogo. Liviringishe ndani ya tauli kavu, kandamiza kwa magoti, fungua. Nguo nzito ambayo haikupita kwenye mashine itundike kwanza kwa dakika 15 bila kuitandaza, maji yashuke kwenye pindo, kisha kamua pindo peke yake. Dakika hizo zitakupunguzia muda mrefu wa kungoja jua.

Kwenye mashine ya kukamua, panga nguo kwa duara, nzito chini, na uweke kile kifuniko cha ndani cha plastiki juu yake. Mashine ikianza kurukaruka na kugonga, uzito umeelemea upande mmoja: zima, subiri isimame kabisa, panga upya. Usiishikilie kwa mikono ukidhani itatulia. Maji yanayotoka kwenye bomba lake yakinge kwenye ndoo. Yanafaa kuoshea sakafu au kulowekea nguo chafu za zamu inayofuata.

Kufunga kamba juu ya makoro

Hapa ndipo Goma inapotofautiana na miji mingine. Mahali pa udongo, nguzo huchimbiwa sentimita 60 na kazi imekwisha. Lakini sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya makoro, yaani mawe ya lava ya volkeno Nyiragongo, na mitaa iliyopitiwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002, au ile ya Buhene iliyofikiwa tarehe 22 Mei 2021, haina udongo wa kuchimba.

Kwanza pima urefu. Kilo 5 za nguo zinataka mita 15 hadi 18 za kamba ili zisirundikane. Familia inayofua kilo 10 kila Jumamosi inahitaji kamba tatu za mita 10, zikiwa zimeachana sentimita 60.

Kisha elewa nguvu inayovuta nguzo, maana watu wengi huiangusha kwa kukaza mno. Kamba ya mita 10 yenye kilo 10 za nguo mbichi, ikiruhusiwa kubonyea sentimita 50 katikati, huvuta kila nguzo kwa nguvu ya kilo 25. Ikibonyea sentimita 25, inavuta kwa kilo 50. Ukiikaza ibonyee sentimita 10 tu, inavuta kwa kilo 125, na hapo ama kamba inakatika, ama ndoano inang'oka, ama nguzo inainama. Acha kamba ibonyee sentimita 30 hivi, halafu weka mti wenye panda katikati kuinyanyua. Mti huo ni wa bure na unagawa kamba vipande viwili vya mita 5, ambavyo havilegei sana.

Juu ya makoro una njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta ufa, kuupanua kwa mtaimbo na nyundo kubwa hadi sentimita 40, kisha kusimamisha bomba la chuma na kujaza zege: simenti kipimo 1, mchanga 2, kokoto 3. Liache siku 7 kabla ya kufunga kamba, na ulilowanishe kila siku.

Ya pili ni nusu ya pipa la lita 200 lililojazwa zege, na bomba katikati. Wengi hudhani uzito huo unatosha. Hautoshi peke yake. Pipa hilo lina uzito unaozidi kilo 200, lakini mvuto wa kilo 50 kwenye kimo cha mita 2 unalipindua bila shida, kwa kuwa kitako chake hakifiki sentimita 60. Lazima ufunge waya kutoka kichwani mwa nguzo kwenda nyuma, upande usio na nguo, na kuushikiza kwenye koro kubwa au kwenye msumari wa chuma uliogongewa mwambani.

Ya tatu ni ukuta. Ukuta wa matofali ya simenti unashika ndoano vizuri. Nyumba ya mbao, ambazo ni nyingi, haifai kufungiwa kwenye ubao wenyewe. Tafuta nguzo ya pembeni, itoboe moja kwa moja, pitisha ndoano yenye nati na washa pana upande wa ndani. Na ule ukuta wa lupango, yaani wa kuzungushia uwanja wa nyumba, uliopangwa kwa makoro bila simenti usiufungie kitu chochote. Utakuja na mawe yake.

Kamba ya nailoni ni rahisi lakini jua huila; ikianza kutoa unga mweupe, ibadilishe. Waya wa mabati mtupu hatuupendi. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno huwa na asidi, ile ile inayotoboa mabati ya paa, na waya ukishaanza kutu unachora mstari wa kahawia kwenye kila shati. Waya wa chuma uliovikwa plastiki ndio unaodumu, mradi ufunike ncha zake zilizokatwa kwa utepe au rangi ili maji yasiingie ndani. Kabla ya kuanika, pitisha kitambaa chenye maji kwenye kamba yote, kila mara. Kitakuja cheusi.

Doa la kutu likishaingia, weka ndimu na chumvi, tandaza juani kwa saa moja, suuza. Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, usiiguse kabisa kwa doa hilo: inalikaza badala ya kulitoa.

Upepo kwanza, jua baadaye

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Kivu, kwa hiyo hewa hutoka ziwani na kupanda mjini, yaani kutoka kusini. Usiku hugeuka. Kama una kamba moja, ifunge mashariki–magharibi ili upepo huo uzipige nguo kifuani. Kama unazo tatu au nne sambamba, zielekeze kusini–kaskazini, hewa ipite kwenye vichochoro kati ya safu. Ukizipanga kwa kukinga upepo, safu ya kwanza inakauka na ya nne inabaki mbichi.

Jua letu ni kali kwa rangi. Tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na miale inayochuja rangi haipati hewa nzito ya kuizuia. Mashati meupe ya shule yapate jua lote unaloweza kuyapa. Sketi na suruali za bluu zigeuzwe ndani-nje, la sivyo kabla ya mwaka wa shule kwisha magoti yatakuwa ya kijivu. Vikwembe vianikwe kivulini penye upepo. Vinakauka upesi tu, kwa kuwa kitambaa chake ni chepesi.

Kuanika

Kung'uta kila nguo mara mbili au tatu kabla ya kuitundika. Usilione jambo dogo: kung'uta kunatenganisha nyuzi, kunaondoa mikunjo ambayo ungeipiga pasi baadaye, na kunapunguza ule ugumu wa tauli iliyokaushwa mahali pasipo upepo. Tauli iliyotulia inakauka huku nyuzi zake zimeshikana. Ikung'ute tena inapokaribia kukauka.

Shati litundikwe kichwa chini, vibanio viwili kwenye mishono ya ubavuni, vifungo wazi isipokuwa cha juu. Ukilibana mabegani litabaki na pembe mbili kama za mbuzi. Suruali ibanwe kiunoni, mifuko ikiwa imetolewa nje, zipu wazi. Soksi zibanwe kwenye vidole, ili mpira wake usivutike. Shuka usiikunje katikati sawasawa. Acha upande mmoja uwe mrefu kwa sentimita 30, ili pande mbili zisigandamane na hewa ipite katikati. Sweta na kitu chochote cha sufi kilazwe kwenye wavu au kwenye gunia safi, maana uzito wa maji utaligeuza kanzu.

Kuhusu kuanika moja kwa moja juu ya makoro: tunajua kila mtu anafanya, na ni kweli jiwe jeusi likishapata joto hukausha haraka sana. Lakini jiwe hilo lina meno. Linang'oa nyuzi za sweta na tauli, linaacha chembe nyeusi kwenye mshono, na kuku wa jirani wanapita hapo. Kama huna namna, tandaza kwanza turubai safi au kikwembe cha zamani, na uanike juu yake jinzi na magunia tu.

Anika kabla ya saa tatu asubuhi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinakupa siku nzima; katika miezi ya mvua hesabu kwamba kuanzia saa nane mchana unacheza bahati nasibu. Geuza nguo nzito baada ya saa moja na nusu. Anua kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu hewa ikipoa inarudisha unyevu kwenye nguo, na nguo iliyolala nje usiku inaamka mbichi, ikiwa bado ipo. Hesabu nguo unapoanika na unapoanua.

Nguo yenye joto la jua hudanganya mkono: inaonekana kavu. Iache ipoe dakika 10, kisha gusa ukosi, kwapa, kiuno na ndani ya mifuko kwa shavu. Shavu linahisi ubaridi wa unyevu kuliko kiganja.

Siku za mvua

Funga kamba mbili chini ya paa la barza, sentimita 40 ndani ya ukingo ili mchirizi usizifikie, na zipishane kimo: ya nje chini, ya ndani juu. Tundika mashati kwenye hengeri. Yanakula nafasi ndogo na hewa inaingia ndani. Nusu ya nguo kwa siku mbili ni bora kuliko zote kwa siku moja. Nguo zilizobanana zinatengeneza unyevu wao wenyewe na kuulinda.

Nguo ikikaa mbichi saa nyingi inatoa ile harufu ya kitambaa cha jikoni. Hiyo ni kazi ya bakteria, hasa mmoja aitwaye Moraxella osloensis, na manukato hayamwondoi. Ifue tena, kama ni pamba nyeupe, ichemshe. Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hizo zinatosha kabisa.

Jambo moja hatulijadili. Usikaushe nguo chumbani kwa mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, huku mlango umefungwa. Makala yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mbabula ibaki nje, nguo zibaki barzani, hata kama kesho ni Jumatatu na shati la shule ni moja. Shati hilo moja likamue ndani ya tauli, lining'inize penye upepo, na asubuhi limalizie kwa pasi.

Majivu ya volkeno

Moshi wa Nyiragongo au Nyamulagira ukielekea mjini na majivu yakaanza kushuka, anua mara moja, hata nguo zikiwa mbichi. Zilizokwisha kushikwa usizifute kwa mkono wala usizilowanishe kwanza. Majivu hayo ni vipande vidogo vya kioo na mwamba. Ukisugua, yanakata nyuzi, na yakichanganyika na maji kidogo yanakuwa tope linaloingia ndani ya mshono. Ngoja nguo ikauke, ipeleke mbali na mlango, ikung'ute ukiwa umefunika pua na mdomo, kisha itumbukize kwenye maji mengi bila kusugua na uiinue mara kadhaa. Sabuni inakuja baada ya hapo. Na hata siku isiyo na majivu, anayeishi kandokando ya barabara ya vumbi aanike upande wa nyuma wa nyumba.

Inzi anayetaga kwenye nguo mbichi

Yuko inzi wa rangi ya manjano na kahawia, mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani, anayeitwa kitaalamu Cordylobia anthropophaga. Hutaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli ulionajisika kwa mkojo, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, na funza anaweza kungoja hadi wiki mbili ndani ya kitambaa. Akigusa ngozi yenye joto anaingia, na baada ya siku chache unaona kitu kama jipu chenye tundu katikati. Hupenda sehemu zenye joto, kwa hiyo anayekwenda Kindu au Kisangani awe makini zaidi kuliko aliyebaki hapa, lakini nepi na shuka za mtoto zichungwe popote.

Kinga yake ni rahisi: anika juu, juani, na kamwe si kwenye majani. Kisha piga pasi pande zote mbili, ukikawia kwenye mishono na kwenye mpira wa kiunoni, kwa kuwa pasi ya harakaharaka hupita juu ya mayai. Nguo isiyoweza kupigwa pasi iweke kando wiki mbili kabla ya kuivaa. Ukitumia pasi ya makala, itikise nje kwanza na kuifuta kitako. Cheche moja inatosha kutoboa shati. Mashine ya kukausha nayo huwaua kwa joto lake, na hilo ni moja ya mambo ya haki yanayoweza kusemwa kwa faida yake.

Mashine ya kukausha

Ziko za aina tatu. Ya kwanza hupasha hewa kwa koili, huipitisha kwenye nguo na kuitoa nje kwa bomba la sentimita 10. Ya pili haina bomba: hupoza mvuke ndani yake na kukusanya maji kwenye tangi unalomwaga. Zote mbili hula kilowati 2 hadi 3, na mzigo kamili wa kilo 7 unamaliza kilowati-saa 4 hivi. Ya tatu hutumia kompresa kama ya friji kurudisha joto lile lile kazini. Inakawia zaidi, lakini mzigo huo huo unakula kilowati-saa 2 au pungufu, na joto lake la chini linahurumia nguo. Bei yake ni ya juu. Zidisha tofauti hiyo ya kilowati-saa 2 kwa bei yako ya umeme na kwa idadi ya mizigo ya mwezi. Nyumba ya wageni itaona faida, familia inayofua mara moja kwa wiki itangoja miaka.

Kabla ya kuinunua, soma kibandiko cha nyuma. Lazima kiseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa Marekani zinataka hezi 60, na mota yake huhitaji volti 120 ndani ya mfumo wa 240. Kwenye umeme wetu mota ya namna hiyo, hata ukiipatia volti zake kwa transfoma, huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata moto kupita kiasi. Bei ikiwa nzuri ajabu, sababu huwa hiyo.

Umeme wake uwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi: milimita za mraba 2.5, disjonkta (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 16, na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Kilowati 2.5 kwa volti 220 ni ampea 11.4 kwa saa nzima. Ralonji nyembamba za sokoni, zile waya za kurefushia umeme, zinaweza kuyeyuka kwa mzigo huo, na huanzia pale plagi inaposhikana na prizi. Ukigusa plagi baada ya dakika 20 na ikakuchoma, zima. Volti zikishuka hadi 180, joto la koili linapungua kufikia theluthi mbili tu ya kawaida, kwa hiyo nguo zinachelewa huku mota ikinguruma kwa taabu. Stabilizateri ya televisheni haiwezi kubeba mashine hii. Jenereta ndogo nayo isahau. Inatakiwa ya kVA 5.

Mashine yenye kompresa ikifika, iache imesimama saa 24 kabla ya kuiwasha, maana barabarani huenda ililazwa. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 5 ndipo uiwashe tena.

Kuitumia: kamua kwanza kwa mizunguko mingi uwezavyo. Tenganisha nzito na nyepesi, kwa sababu tauli zikichanganywa na mashati, mashati yanaungua kwa kungoja tauli. Jaza theluthi mbili ya pipa. Nguo zinatakiwa ziporomoke, zisizunguke kama mpira mmoja. Soma alama ya ndani ya nguo: mraba wenye duara ndani ni ruhusa, nukta moja joto la chini, nukta mbili la kawaida, na ukiwa na msalaba usiweke. Safisha kichujio kila mzigo, si kila wiki. Zile nyuzinyuzi laini zinazojaa humo hushika moto kama pamba.

Nguo zenye mafuta ya kupikia, rangi ya mafuta, petroli au mafuta ya mota zisiingie humo hata baada ya kufuliwa. Mabaki ya mafuta hupata joto lenyewe katikati ya rundo na yanaweza kuwaka saa kadhaa baada ya mashine kuzimika. Ovaroli za fundi mahali pake ni kwenye kamba. Kwa sababu hiyo hiyo, delestaji, yaani mgao wa umeme, ikikata umeme katikati ya kazi, usiache nguo zimefungiwa ndani zikingoja umeme urudi. Dakika za mwisho za mashine ni za kupoza, na hazikufanyika. Fungua, toa zote, zitawanye.

Namna ya busara ya kuitumia Goma ni kuiunganisha na barza. Nguo zilizokamuliwa zikiwa na lita 3 za maji, barza itachukua lita 2.5 kwa siku moja hata mvua ikinyesha, polepole, bila kukudai kitu. Nusu lita inayobaki, ile inayojificha kwenye ukosi na kiuno, mashine inaimaliza kwa dakika 20 hivi na karibu nusu kilowati-saa. Tauli zinatoka laini, nepi zinatoka na joto la kuua funza, na kredi inakaa.

Hitilafu unazoweza kutengeneza mwenyewe

Ikichukua saa mbili kwa kazi ya saa moja, angalia kichujio kwanza, kisha bomba la nje: kila kona inazuia hewa, na bomba lililobonyezwa na ukuta ni kama limezibwa. Kichujio chaonekana safi lakini maji yakimwagwa juu yake hayapiti? Kimefunikwa na mafuta ya dawa ya kulainisha nguo. Kisugue kwa brashi na sabuni, kikauke kabisa. Ikisimama kabla ya wakati huku nguo zikiwa mbichi, futa kwa siki vile vipande viwili vya chuma vilivyo karibu na mlango, maana ndivyo vinavyopima unyevu na huwa vimepakwa sabuni. Nguo zikitoka na joto kali lakini bado zina maji, mzigo ulikuwa mkubwa mno. Chumba kikilowa kuta, mashine ya bomba inapumulia ndani.

Na vumbi letu jeusi lina tabia yake. Linapita chini ya mlango na kuziba mapezi ya kipoza-mvuke, sehemu iliyo chini mbele nyuma ya kifuniko kidogo. Vitabu vya maelekezo husema isafishwe kila baada ya miezi michache. Hapa ifungue kila mwezi, na kila wiki kama kuna majivu. Kama kipoza-mvuke kinatoka, kivute, kioshe kwa maji yanayotiririka kutoka nyuma kuja mbele, kikauke kivulini kabla ya kukirudisha. Kama hakitoki, kama ilivyo kwenye nyingi zenye kompresa, tumia brashi laini kufuata mwelekeo wa mapezi, juu kwenda chini, kwani yakipinda hewa haipiti tena na hayanyooki.